Gemu za simulesheni, usukani na miwani ya VR: maswali mnayotuuliza kila siku hapa Arusha

Watu wakifika hapa kwetu Kijenge, kwenye sehemu yetu ya kuchezea gemu, wakakuta usukani umefungwa kwenye fremu ya chuma, pedali tatu chini na miwani ya VR, ile unayoivaa machoni ukajiona uko ndani ya gemu, imening'inia pembeni, maswali yanakuwa yaleyale, na mengine yanakuja WhatsApp usiku. Nimeyaweka humu na majibu yake, mengine marefu kwasababu ndo yanayogusa hela yako, mengine mafupi. Msimamo wangu nausema mapema: simulesheni inapimwa kwa inavyokujibu ukiigusa, picha kali ni nyongeza.

Kwani simulesheni ina tofauti gani na gemu ya kawaida ya magari?

Kwa nje zinafanana, kwa ndani hapana. Gemu ya kawaida ukikata kona programu inaangalia spidi yako na ulivyogeuza, inakupeleka upande huo basi. Kwenye simulesheni kila tairi linapigiwa hesabu zake peke yake: limekaliwa na uzito kiasi gani sasa hivi, limepata moto kiasi gani, lina upepo kiasi gani, linashika lami au limeanza kuteleza, na hesabu hizo zinarudiwa mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, gemu ya mbio za magari ya iRacing kwa mfano wanazipiga mara 360 kwa sekunde. Sasa wewe kanyaga breki kwa nguvu ukiwa katikati ya kona uone. Uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi, gari linazunguka mkia unatangulia. Hakuna mtu aliyekaa akaandika kwenye programu kwamba dereva akifanya hivi gari lizunguke, limezunguka lenyewe kwasababu hesabu zimefikia hapo.

Kwenye ndege ni hivyohivyo. Gemu ya X-Plane, ambayo aliianzisha Mmarekani Austin Meyer, inakata bawa vipandevipande na kupiga hesabu ya hewa inavyokisukuma kila kipande, kwahiyo ukibadilisha umbo la bawa ndege inaruka tofauti bila mtu kuiambia irukeje. Thamani iko hapo. Unajaribu kitu ambacho hata aliyetengeneza gemu hakukifikiria, na gemu inakujibu kwa haki.

Ile hali ya kujisahau kabisa kwamba umekaa kwenye kiti inaletwa na miwani?

Miwani inasaidia ila mimi naiweka ya tatu, baada ya mikono na masikio.

Anza na mikono. Ndani ya usukani kama Logitech G29 kuna mota mbili zinazosukuma gia, na gemu inaziambia kila wakati zisukume kiasi gani na upande gani. Gari likiwa linashika vizuri kwenye kona usukani unakuwa mzito, unakupinga, unataka kurudi katikati. Ukizidisha spidi kuna sehemu ule uzito unapungua ghafla mkononi, usukani unalegea, na hapo ujue tairi za mbele zimeachia. Macho bado yanaona gari liko sawa, mikono imeshajua. Chalii akikaa mara ya kwanza huwa anafanya kinyume, akisikia umelegea anazidi kuukunja, gari linanyooka moja kwa moja mpaka ukutani, anasema usukani mbovu. Akitulia akarudia, unamwona mwenyewe anaanza kurudisha usukani kidogo na kuachia mafuta, gari linashika, anapita. Hakuna aliyemfundisha, mota zimemfundisha. Hata pedi ya PS5 ina kitu cha aina hiyo, kitufe cha breki kinakuwa kigumu na kinatetemeka kidoleni magurudumu yakitaka kufunga, ukicheza Gran Turismo 7 utakiskia.

Masikio nayo yanadharauliwa sana. Tairi linalia tofauti likiwa kwenye kiwango chake cha mwisho na likiwa limeshaachia kabisa, na sauti za siku hizi zinapigiwa hesabu zinavyozunguka kichwa chako mpaka kufika kila sikio, kwahiyo unajua gari lingine liko nyuma yako kulia bila kugeuka. Vaa hedifoni nzuri kabla hujafikiria kununua TV kubwa, nakuomba.

Ndo tunafika kwenye macho. Kwenye VR kitu kikubwa ni kuchelewa: ukigeuza kichwa picha inatakiwa igeuke na wewe, na watengenezaji wanalenga iwe chini ya milisekunde 20. Ikizidi hapo ubongo unagundua na raha inaisha, kinachobaki ni kichwa kuuma.

Nina bajeti ndogo, nianze na miwani au usukani?

Usukani. Kama unachokipenda ni magari, malori au mabasi, usukani bila kubabaika. Kwa ndege nunua stiki ya kawaida kwanza. Miwani nunua ya kwanza pale tu ambapo unachotaka ni gemu za kusimama na kutumia mikono miwili, kama Half-Life: Alyx ya 2020 ambayo imejengwa kwa ajili ya VR tangu mwanzo, pale bila miwani huna gemu.

Sababu yangu ni hii, TV ya kawaida na usukani wenye mota inakupa kona, breki, barabara mbovu na uzito wa gari. Miwani na pedi inakupa mandhari tu, unaangalia huku na huku, unashangaa, wiki ya pili umeiweka kabatini. Nimeona watu wengi wakianza na miwani kwasababu ya video za mtandaoni.

Usukani wenyewe angalia mambo matatu. Kwanza uwe na mota, kuna za bei rahisi zenye springi tu au mtetemo tu, hizo ni pedi iliyoviringishwa, usinunue. Pili uzunguke nyuzi 900, yani mizunguko miwili na nusu kama gari la kawaida. Tatu pedali ya breki iwe ngumu, ya G29 ina mpira ndani ambao wengi wanaulalamikia mwanzoni kwasababu inabidi ukanyage kwa nguvu, vumilia, ndo sahihi. Juu ya hapo kuna zinazotumia mkanda badala ya gia kama Thrustmaster T300 ambazo ni laini zaidi mkononi, na juu kabisa zile ambazo usukani umefungwa moja kwa moja kwenye mota, za akina Fanatec na Moza, hizo nguvu yake sio ya kuweka juu ya meza ya plastiki, meza itaondoka.

Bei za kwenye mtandao za Marekani zisikudanganye. Miwani ya Quest 3S ya Meta ilitoka 2024 kwa dola 299 na Quest 3 ilitoka 2023 kwa dola 499, ila ikifika hapa kuna usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, kwahiyo piga hesabu yote ndo ulinganishe na ya dukani mjini.

Nina PS4 tu ya kuchezea mpira, inawezekana?

Inawezekana. Gran Turismo 7 ya 2022 ipo ya PS4 na ya PS5, na G29 inakubali zote. Miwani ya PS VR2 ndo inataka PS5 lazima, au kompyuta kwa kifaa chake cha kuunganishia.

Mimi nina simu tu kaka.

Karibu, wala hujaachwa. Bus Simulator Indonesia, ile wanaita BUSSID, iliyotoka 2017 na kampuni ya Maleo, ndo imewafundisha vijana wengi hapa Chuga na Moshi simulesheni ni nini kabla hawajaona usukani. Uzuri wake inakubali modi, yani vitu ambavyo wachezaji wenyewe wanatengeneza na kuviongeza, kwahiyo vijana wanachora rangi za mabasi ya kwetu, wanaweka honi zake, wanashirikiana kwenye magrupu. Kazi ile naiheshimu sana, kijana anakaa na simu yake ya kawaida anachora ubavu wa basi mstari kwa mstari mpaka linafanana, huo ni ufundi wa kulipwa. Kwa ndege kwenye simu jaribu Infinite Flight. Ila zile miwani za boksi za kuweka simu ndani usipoteze hela, zinajua umegeuza kichwa lakini hazijui umeinama au umesogea mbele, na tofauti hiyo ndo inawatapisha wengi.

Kweli mtu anaweza kujifunza kuendesha kwa hizi gemu, au ni stori?

Sehemu ndio, sehemu hapana, na ni vizuri kujua ipi ni ipi kwasababu hapa tunaongelea roho za watu.

Kinachohama kutoka kwenye gemu kwenda barabarani ni macho, mpangilio na mikono. Kuangalia mbali badala ya boneti, kupunguza mwendo kabla ya kona na sio ndani ya kona, kuoanisha klachi na gia, kurudisha tela nyuma. Tela hasa! Chukua Euro Truck Simulator 2, ya kampuni ya SCS ya Prague, iko sokoni tangu 2012 na kompyuta ya kawaida tu inaibeba. Anzia Uingereza kwasababu kule wanapita kushoto kama sisi na unaweza kuchagua lori la usukani wa kulia. Kwenye mipangilio ongeza ugumu wa breki za upepo. Ukishafanya hivyo shuka mlima mrefu ukiwa na mzigo halafu uwe unagusagusa breki kila mara, utaona mshale wa upepo unashuka, taa inawaka, na ukiisha kabisa magurudumu yanafunga lori linasimama pale lilipo. Ndo unaelewa kwanini dereva mzoefu akitoka Boma Ng'ombe kuelekea Moshi, kabla ya kushuka Kikavu ameshaweka gia ndogo na injini ndo inayoshikilia gari, mguu wa breki ameutunza. Kijana anayeelewa hilo kwenye kiti akiwa hajawahi kugusa fuso, mwalimu wake atamshukuru.

Kisichohama ni hofu na mwili. Mkanda haukubani kifuani ukifunga breki. Bodaboda hakatizi ghafla na ng'ombe hawavuki pale Kikatiti. Ukigonga unabonyeza kitufe unaanza upya, na mtu aliyezoea kuanza upya ni hatari barabarani mpaka afundishwe kuogopa. Kwahiyo nenda VETA au chuo chochote kinachotambulika, pata leseni kihalali, gemu iwe ni mazoezi ya ziada.

Mwanangu anataka kuwa rubani, haya masaa anayocheza yanahesabiwa?

Shikamoo mama. Hayahesabiwi, masaa ya leseni ni ya ndege halisi na ya mitambo maalum ambayo mamlaka ya anga imeikagua na kuipitisha, sio ya kompyuta ya nyumbani. Ila usimzuie. Mtoto anayejua kusoma saa za ndege, yani vile vipimo vilivyo mbele ya rubani, anajua kuongea na mnara, anajua kwanini ndege inapoteza mwinuko ikilala upande, ataanza darasa akiwa mbele, na masaa ya ndege halisi ni ghali kweli kwahiyo kila analolielewa nyumbani ni hela imeokolewa. Kitu kimoja mwambie mapema: wanaotoka kwenye simulesheni wana tabia ya kukodolea saa za ndani badala ya kuangalia nje, na walimu wa urubani wanahangaika kuitoa. Azoee kuangalia nje tangu sasa.

Naweza kuruka kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikauona Mlima?

Hili swali nalipenda kuliko yote.

Unaweza. Microsoft Flight Simulator, ambayo jina lake lipo tangu 1982, toleo la 2020 lilitengenezwa na Asobo wa Bordeaux kule Ufaransa na ndani yake kuna dunia nzima, picha za setilaiti na viwanja zaidi ya 37,000. KIA ipo, uwanja wetu wa Kisongo upo, wa Moshi upo. Hali ya hewa inavutwa laiv, kwahiyo kama Kibo imejifunika mawingu mchana huo unaweza kukuta na kwenye gemu imejifunika.

Nyumba ndo usitegemee sana. Miji mikubwa ya Marekani na Ulaya imepigwa picha za pembe zote, sisi kompyuta imeangalia paa kwa juu ikakisia nyumba ikoje, kazi ilifanywa na kampuni ya Austria inaitwa Blackshark.ai na walijaza majengo bilioni 1.5 dunia nzima kwa njia hiyo. Kwahiyo mpangilio wa mitaa ya Arusha ni wenyewe, barabara zinakaa mahali pake, ila ukishuka kuutafuta Mnara wa Saa ulivyo utakatishwa tamaa.

Lakini sasa sikiliza kitu ambacho wengi hawakijaribu. Chukua ndege ndogo, Cessna 172, ipakie watu wanne na mafuta. Anza Dar, kiwanja kiko karibu kabisa na usawa wa bahari, paa, angalia umetumia njia kiasi gani. Halafu chukua ndege ileile, mzigo uleule, ilete Arusha, ambako kiwanja kiko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na weka mchana wa jua kali. Inakimbia, inakimbia, haitaki kuinuka, na ikiinuka inapanda kivivu. Hewa huku juu ni nyepesi, bawa linapata kidogo cha kushikilia na injini inapata kidogo cha kuvuta. Ukiwa bado unaipa injini mafuta kamili kama ulivyozoea Dar inakohoa kabisa, inabidi upunguze mafuta kwa ule mkono mwekundu mpaka mzunguko wa injini upande, ndo uondoke. Marubani wanaopeleka watalii Serengeti wakitokea Kisongo wanaishi na hesabu hiyo kila siku ya Mungu. Mtoto wa kidato cha pili anayesoma msongamano wa hewa na mwinuko kwenye daftari akifanya zoezi hili mara moja hasahau tena, na hapo unapata somo la fizikia kwa kutumia milima yetu wenyewe.

Kuna mtu amefika mbali kupitia haya mambo?

Wapo. Mwaka 2008 Nissan na Sony walianzisha GT Academy, wachezaji wa Gran Turismo walikuwa wanashindana na bora wao wanawekwa kwenye gari halisi. Mhispania Lucas Ordóñez alikuwa mshindi wa kwanza. Mwaka 2011 akashinda Jann Mardenborough, kijana aliyekulia Cardiff, na 2013 alikuwa anakimbia mbio za saa 24 za Le Mans kama dereva kamili. Max Verstappen, bingwa wa Formula 1 kuanzia 2021 hadi 2024, mpaka leo akiwa nyumbani anashindana kwenye iRacing na anachukulia siriasi.

Halafu kuna la Ross Chastain. Tarehe 30 Oktoba 2022, mbio za magari za NASCAR pale Martinsville, Marekani, raundi ya mwisho, anahitaji kupita magari na nafasi haipo, akakanyaga mafuta mpaka chini akaliegemeza gari kwenye ukuta na kuachia ukuta umgeuze kona nzima. Akapita magari matano, akaingia kwenye kundi la kugombea ubingwa. Alivyoulizwa alisema aliwahi kufanya vile utotoni kwenye gemu ya NASCAR 2005. Baadae waandaaji wakakataza. Nimeiweka hiyo makusudi kwasababu gemu ile haikuwa hata simulesheni kali, lakini ilimpa mtu nafasi ya kujaribu bila kufa, na wazo likakaa kichwani miaka yote hiyo.

Hapa kwetu wapenzi wa rali, EA Sports WRC ya 2023 ina Safari Rally ya Kenya ndani. Ule mchanga laini kama unga unaomeza tairi kule Naivasha upo. Ijaribu na usukani.

Hizi teknolojia zilianzia wapi?

Zilianza kama burudani, na hilo linanifurahisha. Edwin Link, baba yake alikuwa na kiwanda cha ogani za kumbi za sinema na vinanda kule Binghamton, New York, akachukua mapampu ya hewa ya ogani akatengeneza kindege cha mbao kinachoyumba kwa upepo ukishika stiki. Ilikuwa 1929. Marubani hawakukitaka, wateja wake wa mwanzo wakawa viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wakawa wanakufa kwenye mawingu kwasababu hawajui kuruka kwa kutumia saa tu, ndo wakaja kununua sita. Vita kuu ya pili marubani zaidi ya laki tano wa Marekani walipita kwenye kile kiboksi cha bluu.

Miwani ya kichwani ya kwanza ni ya Ivan Sutherland, 1968, nzito mpaka ilibidi ishikiliwe na mtambo uliofungwa darini. Quest 2 ya 2020 ina gramu 503. Katikati ya hapo kuna Nintendo na Virtual Boy yao ya 1995 iliyoonyesha rangi nyekundu tu ikafa haraka, halafu kijana Palmer Luckey akachangisha hela mtandaoni 2012 kwa ajili ya kampuni yake ya miwani, Oculus, na 2014 Facebook wakainunua kwa dola bilioni 2.

Nikivaa VR nasikia kichefuchefu, mimi sifai?

Unafaa. Macho yanauambia ubongo unatembea, yale maji ya ndani ya sikio yanayopima mwendo yanasema umekaa, ubongo unachanganyikiwa. Wengi wanazoea ila wanazoea kwa kwenda polepole, kwahiyo fanya hivi: anza na gemu za kukaa ndani ya chombo, gari au ndege, kwasababu dashibodi iliyotulia mbele yako inasaidia macho kupata pa kushika. Dakika kumi za mwanzo zinatosha. Elekeza feni usoni. Gemu za kutembea weka kugeuka kwa hatua, sio kugeuka taratibu. Jasho la kwanza tu likitoka au mate yakijaa mdomoni vua, usijikaze, mwili ukishahusisha miwani na kutapika kesho utaanza kuumwa kabla hata hujaiwasha. Na hakikisha kompyuta inatoa picha 72 au 90 kwa sekunde bila kushuka, punguza urembo wote mpaka zifike, picha ya kawaida inayokwenda sawa inashinda picha nzuri inayokatakata. Umbali wa macho nao, rekebisha nafasi ya lenzi iendane na umbali wa mboni zako, watu hawafanyi hilo wanalaumu gemu.

Wenye kifafa, wajawazito na waliokunywa pombe hapa kwetu hatuwavishi.

Mtoto wa miaka mingapi anaruhusiwa?

Meta wanasema 10 na kuendelea kwa ruhusa ya mzazi, Sony kwenye PS VR2 wanasema 12. Chini ya hapo hata mzazi akisisitiza tunamweka kwenye usukani na TV, miguu isipofika tunasogeza pedali.

Mzee wangu anasema ni kupoteza muda tu, nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima na umwonyeshe, usibishane. Kuna utafiti ulitoka 2007 Marekani, kiongozi wake Dk. James Rosser, waliwapima madaktari 33 wa upasuaji wa kutumia kamera na matundu madogo. Waliowahi kucheza gemu zaidi ya masaa matatu kwa wiki walikosea pungufu kwa asilimia 37 na walimaliza haraka kwa asilimia 27. Na Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza dunia ya VR ya theluji kwa ajili ya wagonjwa waliounguzwa moto, wanacheza wakati wanasafishwa vidonda, maumivu yanapungua kwasababu akili imekwenda kwenye baridi.

Pamoja na hayo yote mzee ana hoja. Simulesheni inakula masaa kuliko gemu ya kawaida, kuruka kutoka KIA mpaka Zanzibar kwa ndege ndogo ni karibu masaa mawili umekaa. Mtihani ukikaribia funga kiti. Mimi mwanafunzi mwenye sare saa za masomo simpokei, na sijawahi kujuta.

Umeme ukikatika katikati ya mbio?

UPS, ile betri ya akiba, kwa kompyuta na TV, dakika chache zinatosha kuzima vizuri. Kifaa cha kutuliza umeme weka pia kwasababu umeme unaorudi kwa kishindo ndo unaoua vifaa. Na toa mikono kwenye usukani umeme ukirudi! Usukani wenye mota ukipata umeme unajizungusha wenyewe mpaka mwisho kushoto na kulia kujipima, kidole gumba kikiwa ndani utaumia.

Kompyuta iweje?

Euro Truck laptopu yenye kadi ya grafiksi ya kawaida inatosha. VR na Flight Simulator zinataka kadi ya nguvu na RAM GB 32 ukiweza. Toleo la 2020 linakula diski zaidi ya GB 100, la 2024 wamelipunguza mpaka kama GB 50 lakini ramani linavuta mtandaoni muda wote, kwahiyo kwa bando la simu utalia, tafuta faiba.

Nataka kufungua sehemu kama hii Moshi, unanishauri nini?

Moshi panafaa, vijana wa Majengo na Pasua wanakuja mpaka huku kucheza. Tatizo la VR kibiashara ni kwamba anaona mmoja na wengine wanasubiri wamechoka, kwahiyo rusha picha yake kwenye TV kubwa, foleni yenyewe inakuwa burudani na watu wanakaa. Kiti kiwe cha kusogea, usukani uweze kupanda na kushuka, wateja hawalingani urefu. Weka kifuniko cha uso cha ngozi bandia kwenye miwani maana sponji inanyonya jasho, futa kila anapotoka mtu. Na soma masharti ya gemu kabla, nyingi leseni yake ni ya nyumbani, baadhi wana leseni ya biashara ya kuombwa.

Lenzi za miwani zimepata doa jeusi katikati, ni nini?

Ni jua. Lenzi zinakusanya mwanga na kuuchoma kwenye skrini ya ndani, dakika chache tu za kuiacha dirishani au kwenye siti ya gari zinatosha, na halitibiki, utabadilisha skrini. Iweke kwenye mfuko wake lenzi zikiangalia chini. Vumbi lipulize kwanza kwa pampu ndogo ya mkono halafu futa kwa kitambaa laini kikavu kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje, usitumie tisheti, usitumie spiriti, na kipindi cha kiangazi vumbi la Arusha likiwa juu fanya hivyo kila jioni.